Firigisi ya Kanali

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimepeleka supu kwenye meza moja waliyokaa hakimu na mwizi wake, na wote wawili wakanishukuru. Nimeona bwana harusi akiondoka na kreti za soda na kumsahau bibi harusi. Nimehudumia mashemeji waliokuja kupatana, nikabaki kuokota miguu ya viti. Kampala nimeijua kwa kuanzia kwenye sahani zake, na mtu aliyeosha sahani za mji anajua mji ulikula nini na ulibakiza nini.

Basi ninyi vijana mnaobaki na trei hapa Kabalagala, msidhani nimeacha kazi kwa kuchoka. Magoti ndiyo yamekataa ngazi. Mikono bado inabeba sahani sita za supu bila tone kumwagika, na anayebisha aje na shati la kubadilisha. Mmeniomba niandike mambo ya zamani, na mimi darasa la tatu langu linanitosha kabisa kwa kazi hiyo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jikoni kwetu yuko Mkongo, yuko Mkenya, yuko Mganda na Mlugbara, na mkigombana, mnagombana kwa Kiswahili. Nani alinipandisha cheo na kwa shilingi ngapi, hayo ni ya watu wa ofisini. Mimi nitawaambia habari za Mlango wa Bluu.

Mlango wa Bluu ilikuwa hoteli ya chakula nyuma ya uwanja wa mpira wa Nakivubo, ghorofa ya kwanza, ngazi za mbao, mlango umepakwa rangi ya bluu kali ambayo ungeiona ukiwa uwanjani. Leo pale pamejengwa jengo la vioo, vibanda vya simu kutoka chini mpaka juu. Nikipita, nainua macho kutafuta dirisha letu, na vijana wanadhani natafuta chaja.

Nilifika pale kutoka Masaka nikiwa na jozi moja ya viatu, nayo ilikuwa ya kaka yangu. Mwenye hoteli alikuwa Mgoa, Bwana Pinto, mtu mwembamba aliyevaa tai hata akienda kununua vitunguu. Hakuniuliza cheti. Alinipa trei yenye glasi za maji, akasema, "Shuka ngazi, panda ngazi." Nilishuka vizuri. Kupanda, nikavunja zote isipokuwa moja. Pinto akaichukua ile moja, akanywa maji yake taratibu, akasema, "Hii umeibeba vizuri, Musoke. Kesho beba mbili."

Alinipa vyombo vitatu: trei, kitambaa cheupe cha mkononi na kifungua chupa cha shaba. Hicho cha shaba ninacho mpaka leo, na msiniombe.

Chombo cha nne alinipa Bi Zuhura, mkuu wa jiko. Yeye alikuwa wa zile familia za Waislamu wa Kibuli ambazo mababu zao walikuja na misafara kutoka pwani, wakauza kanga na kusomesha watoto Kurani, wasirudi tena. Kiswahili changu hiki ni chake. Alinifundisha kwa mwiko. Nikikosea neno, mwiko unatua begani. Kitu chochote kilichopita chini ya kisu chake ulikijua: nyama aliisugua limau na tangawizi, na vipande vidogo alivikata msalaba juu ili viungo viingie. Hiyo aliita kuivisha nyama nguo.

Siku ya kwanza nilipoingia jikoni na kupiga kelele kuwa meza ya tatu wanataka pilau haraka sana, alinitazama.

"Wamesema haraka sana?"

"Wamesema pilau, Bibi. Haraka nimeongeza mimi."

"Sikiliza, baba. Weta ni mdomo tu. Ukitumwa neno, lifikishe kama ulivyopewa. Usiongeze chumvi, usipunguze. Chumvi ni kazi yangu."

Nilimjibu ndiyo Bibi. Nikaona ni ushauri mzuri kwa watu wasio na akili kama yangu.

Kisha ikaja serikali ya wanajeshi, na Wahindi na Wagoa wakaambiwa waondoke. Pinto aliondoka na masanduku mawili na tai yake. Mlangoni hakusema mengi. Alisema, "Musoke, ile meza ya dirishani, usiiache iyumbe." Mpaka hoteli ile ilipokufa, mimi ndiye niliyebadilisha kipande cha kadibodi chini ya mguu wa meza ile.

Hoteli ikapewa Meja mmoja. Watu wa namna yake, waliopewa maduka wasiyoyajenga, mji uliwaita mafutamingi, na huyu alistahili jina hata kwa tumbo. Alikaa siku yake ya kwanza akisoma menyu ya Pinto, kisha akaniita.

"Wewe weta! Huyu Karameli ni nani? Mbona hajafika kazini?"

Mimi, wa darasa la tatu, nikamweleza kwa heshima kuwa Karameli ni tamutamu inayopikwa kwa sukari, Afande, na sukari ndiyo haijafika kazini.

Maana sukari ilipotea. Chumvi ikapotea, sabuni ikapotea, mafuta ya kupikia ukayanunua kwa magendo kama mtu anayenunua bunduki. Menyu ilibaki ileile ndefu, jikoni kukawa na vitu viwili. Hapo ndipo uweta wa kweli ulipozaliwa, na ninyi wa siku hizi hamtaujua. Mteja anataka samaki. Samaki hakuna. Huwezi kusema hakuna, kwa sababu mteja pengine ana bastola. Unasema, "Samaki, Mzee? Vizuri sana. Ila leo maharage yetu yametoka Kabale asubuhi hii hii, bado yana umande." Akila maharage anajiona amechagua. Niliwahi kumwongoza mtu kutoka nyama ya kondoo mpaka viazi vitamu bila yeye kugundua tumegeuka kona.

Lakini kilichofanya Mlango wa Bluu isimame ni muziki. Bahati alitoka Bukavu na gitaa jekundu na wenzake wanne, bila vipande vya karatasi vya kueleza wao ni nani. Meja aliwaandikia kibali kwa jina la hoteli. Hoteli ikiwepo, wao wapo. Na kwa kuwa miaka ile hakuna mwenye akili aliyetaka kutembea jua likizama, tulipiga dansi mchana. Jumamosi, baada ya chakula, madirisha yote wazi! Makarani, wauguzi, mafundi cherehani wa barabara nzima, kila mmoja na shati lake moja zuri. Ilikuwa rumba ya Kilingala. Hakuna aliyeelewa neno, na wote waliimba kila neno. Nakivubo nzima ilicheza. Wauza nyanya chini ukutani walicheza na mizani mkononi. Kwa saa hizo chache hakuna aliyenong'ona. Nawaambia vijana, mna spika kubwa kama kabati na bado hamjawahi kusikia muziki.

Halafu Jumatatu moja Meja akatuita wote.

"Mimi nachoka na ninyi," akasema. "Hoteli inakula pesa. Mimi nataka weka sukari hapa, nataka weka simenti. Ghala haipigi gitaa. Lakini Kanali anakuja Jumamosi, na bibi yake. Kama Kanali anafurahi, basi, hoteli inabaki. Kama hapana furahi, Jumapili mimi naleta lori."

Bahati alishika shingo ya gitaa lake kama mtu anayeshika mkono wa mtoto sokoni. "Na sisi, Afande? Karatasi zetu?"

"Karatasi ni ya hoteli. Hoteli ikikufa, karatasi nayo inakufa."

Wote wakanitazama mimi. Watu wakiwa na hofu huwa wananitazama mimi, hata leo. Nikasema, "Afande, Kanali atakula luwombo ya kuku mzima."

Kwa wale mnaotoka mbali: luwombo ni nyama inayofungwa ndani ya jani la ndizi lililobabuliwa moshi, ikaiva kwa mvuke polepole, na jani linafunguliwa mbele ya mlaji. Hotelini tulikuwa tunapika ya vipande, kila mtu na furushi lake. Kuku mzima ni heshima nyingine. Na ndani ya kuku mzima kuna firigisi, na kwa Waganda firigisi ina mwenyewe. Ni ya bwana wa nyumba. Ukimpa mgeni mkubwa kuku asiye na firigisi, umemwambia mbele ya mke wake kwamba kuna mwanaume mwingine mkubwa kuliko yeye, na ameshakula.

Wakati huo hakuna aliyewaza hivyo. Kanali alikuwa mtu wa mbali, wa Kiswahili cha kambini. Tulijua atatazama ukubwa wa kuku, basi.

Jumamosi ilifika. Kuku alipatikana kwa Nnalongo, mama wa mapacha aliyeuza kuku karibu na mfereji wa Nakivubo, rafiki wa siku nyingi wa Bi Zuhura. Alikuwa jogoo mwenye mapaja kama ya mcheza mpira. Bi Zuhura alimfunga kwenye jani asubuhi, akamweka kwenye mvuke. Mimi nilipiga pasi shati, nikafunga tai nyeusi ya kipepeo, nikatazama kadibodi ya meza ya dirishani. Kanali akapanda ngazi, zikalia chini yake moja moja. Mlinzi wake mmoja akaenda moja kwa moja kusimama mlangoni mwa jiko na bunduki yake. Na nyuma ya Kanali akaja mke wake, amevaa gomesi ya zambarau, lile vazi la heshima la wanawake wa Kiganda, mkanda umefungwa sawasawa. Mganda! Mganda wa kuzaliwa, tena wa nyumba ya watu. Hakuna aliyetuambia.

Nilileta luwombo. Nikafungua jani namna ile ninayofungua mimi, kidole kimoja, mvuke ukapanda, meza ya pili wakasema "Aaa!" Kanali akatabasamu. Mke wake akainama, akatazama ndani ya jani upande huu, upande ule, akageuza bawa kwa uma.

"Ssebo," akaniita kwa upole. "Firigisi ya baba watoto iko wapi?"

Niliangalia. Haikuwepo.

Kanali akaweka mikono mezani. Hakujua mila ile, lakini alijua sura ya mke wake. "Kitu gani hakuna?"

"Kuku huyu ameshaliwa na mtu mkubwa," mke akasema. "Sisi tumeletewa mabaki."

Bendi ilikuwa kati ya wimbo na wimbo. Mnajua chumba ambacho kila mtu anatafuta mlango kwa macho bila kugeuza kichwa? Meja alikuwa amegeuka rangi ya ugali wa mhogo. Na mimi hapo, kitambaa mkononi, nikasikia mdomo wangu ukisema wenyewe:

"Mama, hapa Mlango wa Bluu firigisi haiwekwi ndani ya jani pamoja na shingo na miguu. Hiyo ni ya vibandani. Hapa firigisi ya mkubwa inakuja peke yake, kwa sahani yake, na inaletwa na muziki."

Mke wa Kanali akanitazama. "Na muziki?"

"Muziki kwanza. Firigisi haitoki jikoni mpaka wimbo umeiita." Nikageuka. "Bahati! Wimbo wa firigisi!"

Bahati alinitazama kama nimemwambia ajifungue. Hakukuwa na wimbo wa firigisi duniani. Lakini Mkongo mwenye gitaa hawezi kusema hakuna. Na yeye ni weta wa namna yake. Akaanza. Nilipopita karibu yake akaninong'oneza, "Yaya," yaani kaka kwa Kilingala, "mpaka wapi?"

"Mpaka nirudi. Usiufunge wimbo. Ukiufunga tumekwisha."

Nikaingia jikoni. "Bi Zuhura! Firigisi!"

Bi Zuhura alimtazama yule askari mlangoni. Akanitazama mimi. Akafuta mikono polepole kwenye kanga.

"Nenda kwa Nnalongo," akasema. "Mwambie, Bi Zuhura amesema akupe. Maneno hayo hayo, baba. Bi Zuhura amesema akupe."

Nilishuka ngazi za nyuma tatu tatu.

Sasa, kuna jambo mnalopaswa kulijua kuhusu miaka ile: mtu akikimbia mjini, huulizi. Unakimbia. Nilitokea barabarani na shati jeupe na tai ya kipepeo, nakimbia kwa nguvu zangu zote, na mwanamke wa kwanza aliyeniona akatupa karai la mihogo, akakimbia. Muuza viatu akakimbia na kiatu kimoja. Mafundi cherehani wakakimbia na futi shingoni. "Wanakuja! Wanakuja!" Nani anakuja? Ni mimi! Nikageuka kidogo, naona watu kama mechi imetoka, wote nyuma yangu, nami nikaongeza mwendo kwa sababu nikadhani kweli wanakuja. Milango ikafungwa, mabati yakashushwa. Nilifika kwenye mfereji nimeimaliza biashara ya Nakivubo yote peke yangu.

Nnalongo tu ndiye aliyekuwa amekaa. Amekaa kwenye kigoda chake, mwanamke mpana, matenga matupu pembeni, anapunga nzi.

"Nnalongo, wewe hukimbii?"

"Mimi nilikimbia mara moja maishani," akasema. "Nikakimbilia kwa mwanaume, nikapata mapacha. Unataka nini, wewe wa shati?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema maneno ya Bi Zuhura. Lakini niseme ukweli wa biashara: mwanaume wa kazi yangu, aliyemgeuza Kanali kwa mdomo mtupu, aanze kununua kitu kwa jina la bibi wa jikoni? Nikaona nimalize mwenyewe.

"Nataka firigisi. Sasa hivi. Bei yoyote."

Nnalongo aliacha kupunga nzi. "Bei yoyote," akarudia.

"Yoyote, nnyabo."

"Kuku wamekwisha. Jogoo wa mwisho amebaki kwa ajili ya bwana mmoja, anampelekea shemeji yake kwenye sherehe ya kutambulishwa kwa wakwe. Siwezi kumuuza, ndoa itavunjika." Akainuka kidogo, akakaa tena. "Ila firigisi moja ninayo. Niliiweka kwa chakula changu."

Nikatoa pesa zote mfukoni. Akazitazama kama majani makavu. "Hizo zitanunua sabuni gani?" Nikampa kifungua chupa cha shaba. Akakigeuza, akanirudishia. Upepo ulikuwa unaleta gitaa la Bahati kutoka kule juu, mbali, bado linakwenda, linazunguka, halina pa kutua. Nnalongo akakaza sikio.

"Kila Jumamosi mimi nakaa hapa chini nasikia huo muziki," akasema. "Kwenye miguu ya ukuta, kama mbuzi. Nataka kukaa ndani. Kila Jumamosi, sahani moja ya luwombo na matoke. Meza ya karibu na gitaa. Na wewe mwenyewe uniletee, na hiyo tai yako ya kipepeo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu aache kazi."

"Nimekubali! Leta!"

Akaingia nyuma ya matenga, akatoka na kifurushi kidogo cha jani. Nikakifungua: firigisi kubwa, safi, imeshakatwa msalaba juu, inanukia limau na tangawizi. Nikasema moyoni, huyu mama anajua usafi. Nikarudi mbio, na wale waliokuwa wanachungulia kwenye milango wakakimbia mara ya pili.

Jikoni, Bi Zuhura aliipokea, akaitazama firigisi, akanitazama mimi.

"Ulimwambia kama nilivyokuambia?"

"Nilimaliza mwenyewe, Bibi."

Akafungua mdomo. Akatazama bunduki ya askari. Akafunga mdomo. "Haya, baba," akasema, akaitupa firigisi kwenye samli ikalia.

Kule ukumbini, vijana, ningependa mngeona! Bahati alikuwa amekata waya mmoja wa gitaa na anapiga kwa zilizobaki, jasho linadondoka kwenye viatu, mpiga ngoma amefumba macho, mwimbaji ameishiwa Kilingala anaimba majina ya vyakula vyote vya menyu ya Pinto. "Karameli ee, Karameli!" Na watu wanaitikia! Meja anacheza kwa hofu, tumbo linakwenda kushoto yeye anakwenda kulia. Kanali anagonga meza kwa kijiko. Nikatokea na sahani moja ndogo juu ya vidole vitano, firigisi katikati, kitambaa nimekikunja kama ua, kama Pinto alivyonifundisha, natembea kwa mdundo, hatua, hatua, simama. Bahati akaniona, akapandisha gitaa juu kabisa, akaliangusha. Pah! Sahani ikagusa meza.

Mke wa Kanali akaichoma kwa uma, akaigeuza, akanusa. Akaisogeza mbele ya mume wake kwa mikono miwili.

Kanali akala. Akatafuna muda mrefu. Chumba kizima kilitafuna naye.

"Meja," akasema.

"Afande."

"Sukari yako, tafutia nyumba ingine. Hapa watu wanakula." Kisha akaninyooshea kidole. "Wewe! Jumamosi nyingine, kuku hiyo iwe na firigisi mbili."

"Tutaiambia, Afande," nikasema, na hoteli nzima ikacheka, hata askari wa jikoni.

Lori halikuja. Karatasi za bendi zikaishi. Tangu siku ile ikawa desturi: kuku mzima akiagizwa, firigisi inaingia na muziki. Watu walitoka Entebbe kuja kuiona. Juzi hapa Kabalagala nimesikia kijana mmoja wenu akimweleza mtalii kwamba kuleta firigisi kwa ngoma ni mila ya kale ya ikulu ya Buganda, karne nyingi. Nikaendelea kufuta glasi. Sasa mnajua ikulu hiyo ilikuwa mimi.

Na Nnalongo akaja, Jumamosi iliyofuata, amevaa gomesi, akakaa karibu na gitaa. Na iliyofuata. Mlango wa Bluu ikanusurika hata wanajeshi walipokimbia. Ikafa baadaye kwa kodi, kifo cha kawaida. Bahati alikuwa ameshahamia Nairobi. Nikaenda hoteli ya karibu na stendi, Nnalongo akanifuata. Ile ikageuzwa duka la matairi. Nikaenda kwenye ile ya njia ya Luzira iliyokuwa na samaki wa Port Bell na kinanda kibovu; akanifuata, akalalamika kuhusu kinanda. Ile ikawa kanisa. Hatimaye hapa Kabalagala. Wenye hoteli hawakumjua, kwa hiyo sahani yake nililipa mimi, na tai ya kipepeo nilivaa mimi. Mkinicheka kila Jumamosi mkidhani ni mama mkwe wangu, niliwaacha. Ahadi ni ahadi, na kwangu ilikuwa bei nafuu kwa hoteli nzima, bendi nzima na shingo zetu.

Jumamosi iliyopita, siku yangu ya mwisho, aliletwa na bodaboda, amekaa kiupande, fimbo mkononi. Nikamletea luwombo. Nikafungua jani kwa kidole kimoja. Akala mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Umeacha kazi," akasema. "Mkataba umekwisha. Kaa chini, Musoke."

Nikakaa. Kukaa na mteja! Mara ya kwanza maishani.

"Firigisi ile uliitazama vizuri?"

"Ilikuwa safi sana, Nnalongo."

"Ilikatwaje?"

"Msalaba. Na tangawizi..." Pua yangu, pua hii ninayojisifia nayo, ilichukua miaka yote hiyo kufika.

Nnalongo alianza kucheka kimyakimya, mabega tu. "Firigisi zote za hoteli yenu zilikuwa zangu, ssebo. Zuhura alisema anayeleta kuku ndiye anayekula firigisi. Kila Jumamosi asubuhi alinitumia, ameshaitia viungo. Na ile ya Kanali alinitumia. Nani alijua bibi yake ni wa kwetu? Mbele ya askari angesema nini, kwamba ameigawa? Kwa hiyo akakutuma. Nilisubiri useme, Bi Zuhura amesema akupe. Ningekupa bure. Ilikuwa ya kuku wenu! Wewe ukaja na bei yoyote."

"Na Bi Zuhura alijua?"

"Jioni ile ile nilimwambia. Alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Akasema, mwache, Nnalongo. Mwache abebe sahani mpaka ajifunze kubeba neno. Amekufa anacheka hivyo hivyo."

Banange! Nilipiga kelele mpaka mkaja mbio kutoka jikoni, mnakumbuka, mkadhani mama mkwe amefariki. Tulikuwa tunacheka. Alinishika mkono, mimi nikashika meza, nayo ikayumba, ndipo nilipocheka zaidi.

Nikamwita Sarah wa kaunta na kikokotoo chake. Nikamwambia azidishe Jumamosi zote tangu ile ya Kanali kwa sahani moja ya bei ya leo, kwa sababu shilingi za zamani serikali zilizikata sifuri na hazijumlishiki na za sasa. Nikamwambia aondoe Jumamosi za vita, aondoe alizougua Nnalongo, aondoe ile moja niliyougua mimi. Nnalongo akamsimamia, asije akanipunguzia. Sarah akabonyeza, akabonyeza, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Bei ya firigisi moja, ya kuku wetu wenyewe, ambayo ningepewa bure: shilingi milioni saba na elfu ishirini.